Usiuogope Moyo Wako Unapomwomba Mungu Njia

Siku hizi hapa Chaka, Nyeri, pesa hupita karibu sana na watu. Barabara pana ya kilomita 84 inayotoka Kenol kupitia Sagana inaishia Marua, na anayeendelea kwenda Naro Moru au Nanyuki hana budi kupita hapa. Soko kubwa limejengwa. Madalali wa ploti hawaachi kupiga simu, na shamba lililokuwa la vitunguu na viazi juzi, leo limepigwa vigingi vya hamsini kwa mia. Katika hali hiyo, swali ambalo watu wa upande huu wa Kieni hulipeleka kanisani, msikitini na kitandani usiku ni moja lenye sura nyingi. Niuze au nisiuze? Niende Qatar au nibaki na ng'ombe wangu wa maziwa? Niache ualimu nifungue duka la dawa za mifugo? Nimkubali huyu anayetaka kunioa?

Wengi wanaouliza ni watu wa kuomba. Wameliweka jambo mbele ya Mungu, wamefunga, wamekesha, na bado hawajui la kufanya. Ukiwasikiliza kwa makini utagundua kwamba kinachowatesa zaidi ni hofu kuwa Mungu anataka hili na wao wanataka lile, na kwamba lazima mmoja ashindwe.

Mimi naamini kuwa haja iliyokaa ndani kabisa ya mtu ni mojawapo ya njia ambazo Mungu hutumia kumwongoza. Aliyekuumba ndiye aliyeitia humo. Lakini haja hiyo huwa imefunikwa na nyingine nyingi zinazopiga kelele zaidi, na kuifikia kunahitaji kazi, subira na ukweli. Makala hii ni kuhusu kazi hiyo.

Kwanza tuiondoe imani moja ambayo imewaumiza wengi. Tumelelewa tukidhani kwamba mapenzi ya Mungu lazima yawe ni lile jambo tusilolipenda. Msichana ametamani uuguzi tangu utotoni, lakini kwa kuwa anautamani sana anaanza kuushuku, kisha anakubali kazi ya ofisini aliyotafutiwa na mjomba akiamini kujinyima ndiko kumcha Mungu. Zaburi ya 37 haifundishi hivyo; inamwahidi anayemfurahia Bwana kwamba atapewa kile ambacho moyo wake unakihitaji. Ni kweli pia kwamba Yeremia, katika sura ya 17, anaonya kuwa moyo wa mwanadamu ni mdanganyifu. Wapo wanaoshika andiko moja na kuliacha la pili. Yashikeni yote mawili. Moyo una tabaka la juu, linaloona gari jipya la jirani na kutaka kama lile, na una tabaka la chini ambalo halibadiliki kwa sababu jirani amenunua gari. Onyo ni kwa ajili ya la kwanza, ahadi ni kwa ajili ya la pili.

Nyeri ina mtu anayetusaidia kuliona hili. Aurelia Stefani alizaliwa mwaka 1891 huko Anfo, kaskazini mwa Italia. Alitaka kuwa mmisionari. Mwaka 1911 alijiunga na masista wa Consolata, shirika ambalo Padre Giuseppe Allamano alikuwa amelianzisha mwaka mmoja tu kabla, akapewa jina la Irene, na mwanzoni mwa 1915 akafika Kenya. Alitamani misheni, akakuta vita. Wapagazi wa Kiafrika waliochukuliwa kuwabebea Waingereza mizigo ya kijeshi walikuwa wakifa kwa maradhi kwa maelfu, naye akapelekwa kuwauguza Voi, kisha Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Miaka ikapita akifunga vidonda katika hospitali ambazo zilikuwa mbali kabisa na misheni aliyoiota. Ni baada ya vita, mwaka 1920, ndipo alipokwenda Gikondi, huku kwetu Mukurweini, akakaa miaka kumi akifundisha, akitembea kwa miguu kutoka kilima hadi kilima kuwaona wagonjwa, akiwaandikia barua wasiojua kuandika. Watu wakamwita Nyaatha, mama wa huruma. Alifariki tarehe 31 Oktoba 1930 kwa tauni aliyoambukizwa akimhudumia mgonjwa. Tarehe 23 Mei 2015, katika Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri mbele ya umati wa watu waliotoka pande zote za nchi.

Mtazame vizuri. Kule Lindi na kule Gikondi mazingira yalikuwa tofauti kabisa, lakini mwanamke ni yuleyule na haja ni ileile: kuwa karibu na anayeumia. Njia ilibadilika, haja haikubadilika. Wengi wetu tunakwama kwa sababu tunaichanganya njia na haja yenyewe.

Tuseme dada mmoja wa Chaka anasema anataka kwenda Qatar. Namheshimu, lakini Qatar ni njia tu. Muulize anatafuta nini huko. Atasema pesa. Pesa za nini? Za kujenga. Kumjengea nani? Hapo huanza kunyamaza kidogo, kisha hutokea jambo la kweli: anataka nyumba yake mwenyewe ili amchukue mtoto wake aliyeko kwa nyanya, amlee kwa mkono wake. Hiyo sasa ndiyo haja ya moyo, na hakuna Mungu anayeipinga. Lakini akishaiona, swali la Qatar linabadilika. Mkataba wa miaka miwili utampa pesa na utamweka mbali na mtoto kwa muda huohuo. Huenda bado akaamua kwenda, na huenda ikawa sawa. Walau atakwenda akijua analipa nini na kwa ajili ya nani, na atajua pia siku ya kurudi. Au huenda akaona kwamba chumba kimoja cha kupanga hapa Chaka, meza ya mboga sokoni na mtoto akilala kando yake ni karibu zaidi na kile alichokuwa akimwomba Mungu. Ninakusihi ufanye hivyo na jambo lako. Jiulize “kwa ajili ya nini?” mpaka ufike mahali ambapo swali halina tena pa kwenda. Fanya hivyo kwa maombi, polepole, peke yako, ukiandika kwenye daftari. Kuandika kunasaidia kwa sababu mdomo hujidanganya kwa wepesi kuliko kalamu.

Jinsi ya kuzitenganisha haja za juu na ya chini iligunduliwa na watu wengi waliomtafuta Mungu, lakini aliyeieleza vizuri kuliko wote, kwa maoni yangu, ni Ignatius wa Loyola. Mwaka 1521 alikuwa askari wa Kihispania, akavunjwa mguu na mzinga huko Pamplona, akalazwa kitandani miezi mingi. Aliomba vitabu vya hadithi za mashujaa, wakampa walichokuwa nacho: maisha ya Kristo na ya watakatifu. Basi akawa na ndoto za mchana za aina mbili. Saa nyingine alijiona akipigana na kumpendeza bibi mmoja wa hadhi. Saa nyingine alijiona akiishi kama watakatifu. Zote mbili zilimfurahisha alipokuwa ndani yake. Tofauti ilijitokeza baadaye. Ndoto za fahari zikiisha zilimwacha mkavu na mwenye huzuni, na zile nyingine zikiisha furaha ilibaki. Kutokana na jambo hilo dogo, la mgonjwa aliyechoka kulala, alijifunza kusikiliza kinachobaki moyoni baada ya msisimko kwisha.

Jambo hili linafanyika hata Chaka, na halihitaji mguu uliovunjika. Kwa wiki moja, ishi kana kwamba umekwisha kuamua kuuza shamba. Usimwambie mtu, usitie sahihi popote. Amka asubuhi ukiwa mtu aliyeuza. Pita kando ya shamba hilo ukilitazama kama la mwingine. Jioni andika mistari miwili au mitatu kuhusu hali ya moyo wako. Wiki ya pili ishi kana kwamba umekataa, dalali amekwenda zake, nawe umebaki na udongo wako na madeni yako. Andika tena. Mwishoni soma kurasa zote mbili. Usitafute siku uliyochekelea zaidi. Tafuta wiki ambayo ulikuwa mpole zaidi kwa watoto, ulilala vizuri zaidi, ulitamani kuomba zaidi. Mtume Paulo anaandika kwa Wagalatia kwamba tunda la Roho ni upendo, furaha, amani, uvumilivu na mengineyo ya namna hiyo. Tunda haliwezi kuigizwa kwa siku saba mfululizo. Wanaofuga ng'ombe huku Kiganjo wanajua kwamba maziwa yakiachwa yatulie usiku kucha malai hupanda yenyewe, na ukiyatikisa kila saa hutayaona. Moyo nao unahitaji usiku kadhaa.

Hapa niseme jambo moja kuhusu amani, maana watu huambiwa “fuata amani” na kuishia kufuata urahisi. Amani ninayoisema inaweza kukaa pamoja na hofu. Yesu katika bustani ya Gethsemane alikuwa na uchungu mwingi, aliomba kikombe kimwondokee, na bado alisimama na kwenda. Mwenye kwenda kumwomba msamaha ndugu yake hutetemeka njiani. Kutetemeka kwake hakumaanishi amekosea njia. Kinyume chake pia ni kweli: kuna utulivu wa kufa ganzi, wa mtu aliyeamua kutojali tena, nao haufai kuitwa amani. Ignatius huyohuyo aliacha kanuni ambayo ningependa kila mtu aibandike ukutani: ukiwa katika giza la moyo, umekata tamaa, Mungu anaonekana mbali, usibadilishe uamuzi ulioufanya ulipokuwa na nuru. Ngoja. Maamuzi mengi mabaya ya ndoa na ya ardhi hufanywa wiki moja baada ya msiba.

Waislamu wana mlango wao wa jambo hili, na ni mlango mzuri. Ni swala ya istikhara: rakaa mbili za sunna, kisha dua ambayo mja anamwomba Mwenyezi Mungu kwamba jambo hilo, kama lina heri kwa dini yake, maisha yake na mwisho wake, amkadirie na amrahisishie, na kama lina shari, amwepushe nalo, amletee heri popote ilipo na amfanye aridhike nayo. Wako wanaodhani baada ya istikhara lazima waote ndoto, na wasipoota hubaki wamesimama palepale. Wanazuoni wengi hufundisha kwamba ndoto si sharti. Unaomba, unashauriana na wenye busara, unaanza kutembea, na unaangalia kama njia inafunguka au inajifunga. Kuomba upewe ridhaa na kile utakachopewa ni sehemu ya dua ambayo hata sisi Wakristo tungefaa kujifunza.

Sasa nije kwenye hatari kubwa. Mtu aliyechoka kuamua hutafuta wa kuamua kwa niaba yake, na hapa kwetu hakosekani. Atakuja nabii wa kusema ameonyeshwa safari yako, au ameonyeshwa mume wako, na kwamba mlango utafunguka ukipanda mbegu ya kiasi fulani. Kuna anayekopa kwa chama ili kupanda mbegu hiyo. Ninasema bila kuzunguka: neno la Mungu kuhusu maisha yako haliuzwi kwa M-Pesa, na mtumishi wa kweli akikuombea atakurudishia uamuzi wako mikononi mwako. Tangu Aprili 2023 taifa letu limefukua zaidi ya miili 400 katika msitu wa Shakahola, Kilifi, miili ya watu ambao wapelelezi wanasema walishawishiwa kufunga hadi kufa ili wamwone Yesu. Mhubiri anayeshtakiwa amekana mashtaka, na mahakama ndiyo itakayoamua kuhusu yeye. Lakini kuhusu waliokufa tunajua vya kutosha. Wengi wao walikuwa watu waliompenda Mungu kwa dhati. Popote utakapoambiwa kwamba kumtii Mungu ni kuacha kufikiri, kuacha kuuliza, kujitenga na mama yako na ndugu zako, ondoka hapo siku hiyohiyo.

Ishara nazo tuziwekee mipaka. Gideoni aliweka ngozi ya kondoo nje usiku, ni kweli, lakini aliiweka baada ya kuambiwa la kufanya, kwa sababu ya woga wake, na Mungu akamvumilia. Kufungua Biblia ovyo na kuweka kidole kwenye mstari, au kusema “akinipigia simu kabla ya saa sita ndiye,” ni kumfanya Mungu mchezo wa bahati nasibu. Ana njia bora za kusema na mtu mzima.

Mojawapo ya njia hizo ni hesabu. Yesu mwenyewe aliuliza ni nani anayetaka kujenga mnara asiyeketi kwanza kuhesabu gharama. Kumtegemea Mungu hakumwondolei mtu kazi hii; hata naona anayemtegemea Mungu ndiye anayeweza kuifanya bila woga, kwa kuwa haogopi ukweli. Kama ni shamba, nenda ofisi ya ardhi Nyeri uthibitishe hatimiliki ina jina la nani na kama lina mkopo juu yake. Kama ni ardhi ya kilimo, Sheria ya Udhibiti wa Ardhi inataka ridhaa ya bodi ya ardhi, na maombi ya ridhaa hiyo yapelekwe katika miezi sita tangu mkataba ufanyike. Bila ridhaa mauzo hayo ni batili. Kama ni mali ya ndoa, sheria haikuruhusu kuiuza bila idhini ya mwenzako, na hata kama sheria ingenyamaza, mume anayeuza shamba mkewe akiwa sokoni hajamwomba Mungu ushauri wa kweli. Andika kwenye karatasi pesa itakayoingia, itakakokwenda, na kitakachobaki baada ya mwaka mmoja na baada ya mitano. Wengi huhesabu hadi siku ya kupokea pesa na kuishia hapo.

Kama ni kazi ya Ghuba, hakikisha ajenti amesajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira, soma mkataba wote kabla ya kusafiri, acha nakala yake na ya pasipoti kwa mtu wa nyumbani, na ukatae kutoa pesa kwa mtu asiye na ofisi wala risiti. Kama ni ndoa, kaa na mwenzako siku ambayo hana pesa na siku ambayo amekasirika, na uwasikilize dada zake wanavyomzungumzia. Mambo haya hayana harufu ya uvumba, lakini Mungu anayejibu maombi mara nyingi hulijibu ombi lako kupitia karani wa ofisi ya ardhi anayekuambia kwamba shamba lile lina kesi.

Wakikuyu husema mwenye hekima ni aliyeshauriwa. Tafuta watu wawili au watatu, wasizidi. Awepo mmoja anayekupenda na ambaye hana faida yoyote katika uamuzi wako. Dalali, hata awe shemasi, hana nafasi hapo. Awepo mwenye umri, aliyewahi kuuza na aliyewahi kukataa kuuza. Na uwaeleze jambo lote, hasa ile sehemu unayoona haya kuisema. Mzee akipewa nusu ya habari atatoa ushauri wa nusu, kisha utamlaumu bure. Vikao vya kina mama wa kanisa na vyama vyetu vina hekima nyingi, ila si vya kupelekewa kila siri. Chagua mtu, usichague umati. Ukishawasikiliza, waambie asante, nenda nyumbani, uamue mwenyewe mbele za Mungu. Mshauri hatajibu siku ya hukumu kwa niaba yako.

Kama bado umegawanyika, kuna swali lingine la Ignatius: siku ya kufa kwangu, ningependa niwe niliamua nini leo? Swali hili linaogopesha, lakini linasafisha. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Februari 1957, Dedan Kimathi, mzaliwa wa Thegenge hapa Tetu, alikuwa Kamiti akijua atanyongwa asubuhi. Aliandika barua kwa padre wa Consolata. Mtu aliyeongoza wapiganaji misituni miaka ile yote, aliyetafutwa na serikali nzima, katika barua hiyo alihangaikia mwanawe apate masomo na mama yake asiachwe peke yake. Ukikaribia mwisho, mambo mengi yaliyokuwa makubwa hudondoka, na kinachobaki mkononi ni watu. Kwa hiyo ukiwa na ofa ya ploti mezani, uliza ni nani watakaobaki karibu nawe baada ya uamuzi huu, na ni nani utakaokuwa umewauza pamoja na udongo.

Nimeulizwa pia: je, nikifanya yote haya, nikaomba, nikasikiliza moyo, nikahesabu, nikashauriwa, kisha mambo yakaharibika, ina maana nilikosea kumsikia Mungu? Hili linastahili jibu la taratibu, na nitalijibu kwa maisha ya binti wa Ihithe.

Wangari Maathai alizaliwa huko mwaka 1940. Wakati huo wasichana wengi walibaki nyumbani. Kaka yake Nderitu ndiye aliyeuliza kwa nini Wangari haendi shule kama wao, na mama yao, mwanamke wa shambani asiyekuwa na uwezo wa ziada, akasema hakuna sababu ya kumzuia. Uamuzi huo mdogo ndio uliompeleka shule ya Ihithe, kisha kwa masista wa Consolata kule Mathari, kisha Loreto Limuru, na mwaka 1960 Marekani. Mwaka 1966 alirudi Nairobi na barua ya kuahidiwa kazi chuoni, akafika akaambiwa nafasi amepewa mtu mwingine. Mlango ukafungwa. Akapata mwingine katika idara ya tiba ya mifugo, na kazi yake ya utafiti vijijini ndiyo iliyomwonyesha ng'ombe waliokonda, mito iliyobeba udongo na kina mama waliokosa kuni. Mwaka 1977 alipanda miche saba ya kwanza ya kile kilichokuja kuwa vuguvugu la kupanda miti la Green Belt. Mwaka 1982 aliacha kazi chuo kikuu ili agombee ubunge hapa Nyeri, akazuiwa kwa sababu ya usajili wa kura, na chuo kikakataa kumrudisha. Akakosa ubunge, kazi na nyumba ya chuo kwa mpigo mmoja. Mtu angemwambia amemkosea Mungu.

Lakini haja yake ilikuwa haijaguswa. Utotoni mama yake alimkataza kuokota kuni za mugumo, mti wa Mungu, na karibu na mugumo huo palikuwa na chemchemi aliyoipenda. Alipokuja kukuta mti umekatwa na maji yamekauka, kitu kilikaa ndani yake ambacho kufungiwa milango hakungeweza kukiondoa. Alipokosa kila kitu mwaka 1982 ndipo alipopata muda wa kuipa miti maisha yake yote. Oktoba 8, 2004, akiwa safarini kwenda Tetu, alipigiwa simu kuhusu Tuzo ya Amani ya Nobel. Alisimama katika hoteli ya Outspan, Nyeri, akapanda mti akiutazama Mlima Kenya.

Siwezi kukuahidi tuzo, wala pesa, wala kwamba ploti utakayokataa kuiuza haitashuka bei. Uamuzi mwema unaweza kuleta hasara. Ukiwa umeufanya kwa ukweli, hasara hiyo haitakupokonya haja yako, na Mungu aliyekupa haja hiyo ana njia nyingine za kuifikisha. Usirudi nyuma kila siku kuufukua uamuzi uone kama umeota mizizi. Ukikuta baadaye habari mpya ya kweli, kwa mfano hati ni bandia au mchumba ana familia nyingine, badilisha bila aibu. Ukikuta tu kwamba ni vigumu, endelea.

Na wewe unayesoma haya ukiwa na simu ya dalali inayolia: mwambie atapata jibu baada ya wiki mbili. Akisema mnunuzi hawezi kungoja, mwache amtafutie shamba lingine. Usiku huu omba, ukitaja kwa jina kile unachokitaka hasa. Kesho kaa na mkeo au mumeo mlizungumze lote. Jumatatu asubuhi uwe wa kwanza kwenye foleni ya ofisi ya ardhi.